Mkaratusi mmoja, sufu moja, rangi mbili kwenye shali ileile: je, chanzo ni maji ya Nairobi?

#1 NyuziZaMilimani
Wanajukwaa, salamu. Naomba maelezo kutoka kwa wanaosokota na kutia rangi sufu wao wenyewe, maana nimefika mahali ambapo sitaki kuendelea kufuma kabla ya kulielewa jambo hili.

Nilinunua manyoya ya kondoo mmoja wa sufu, wa aina ya Corriedale, kutoka Kinangop, nikayaosha, nikayachambua kwa brashi na kuyasokota kwa gurudumu hadi nikapata uzi wa nyuzi mbili zilizopindwa pamoja, wa unene unaofaa sindano namba 8. Nusu ya kwanza niliitia rangi nyumbani kwa mama, Limuru, kwa majani ya mkaratusi ulio nyuma ya zizi, bila shabu ya kushikisha rangi wala kitu kingine chochote, ikatoka rangi ya chungwa lililoiva, yenye wekundu kwa mbali. Nusu ya pili niliitia rangi hapa kwangu South B, Nairobi, kwa majani ya mti uleule, niliyoyaleta kwenye gunia, kwa kipimo kilekile cha majani mara mbili ya uzito wa sufu. Hiyo ikatoka kahawia iliyofifia, karibu na khaki.

Shali ni ya pembetatu, inaanzia katikati ya shingo kwa vitanzi vichache na kupanuka kila baada ya safu moja. Sasa ina mstari unaoshuka kutoka bega moja hadi mgongoni na kupanda bega la pili, na mtu anauona akiwa ng'ambo ya barabara.

Dai langu ni kwamba chanzo ni maji. Ploti yetu hutumia maji ya kisima kirefu kwa sababu ya mgao wa maji, ilhali mama anakinga maji ya mvua. Je, kuna aliyekutana na hali hii? Na kuna njia ya kuiokoa shali bila kuifumua?

#2 Kitanzi_Kimoja
Pole, dada. Kabla ya kuyalaumu maji, tuambie ulitumia sufuria gani huku na kule. Mkaratusi ukigusana na chuma hugeuka kahawia bila kukuuliza.

#3 MwalimuWaKemia
Namuunga mkono mwenye uzi, na nitaeleza kwa nini. Maji ya visima virefu vya Nairobi hutoka katika miamba ya volkano, na mengi yana bikaboneti ya sodiamu kwa wingi pamoja na floraidi. Hayana chokaa nyingi, kwa hiyo sabuni hutoa povu vizuri na watu huyaita maji laini, lakini yana ualkali. Tena unapoyachemsha kwa muda mrefu, gesi ya kaboni dioksidi hutoka na bikaboneti hugeuka kuwa kaboneti, yaani kadiri maji yanavyokaa jikoni ndivyo ualkali unavyopanda. Ni sawa na kutia magadi kidogo kidogo ndani ya sufuria bila kujua.

Sufu haipendi hali hiyo. Rangi nyingi za majani na magome huishika sufu vizuri zaidi katika maji yenye asidi kidogo, na alkali kali huikwaruza sufu yenyewe ikawa ngumu mkononi. Maji ya mvua, kwa upande wake, yana asidi kidogo kwa asili. Kwa hiyo majani yaleyale katika maji hayo mawili ni kazi mbili tofauti kabisa. Nunua karatasi za litmasi, pima maji ya kisima kabla ya kuyachemsha na baada ya saa moja ya kuchemka, kisha uongeze siki taratibu hadi karatasi ianze kwenda upande wa wekundu.

#4 Jirani_wa_Kahawa
Mimi naona mnaruka jambo lililo wazi. Nairobi iko juu sana, maji huchemka kabla ya kupata joto la kutosha, ndiyo maana hata maharagwe huchukua nusu siku. Rangi haikuiva.

#5 SindanoNane
Ndugu Jirani, #4, hesabu hiyo inakugeukia. Ni kweli kwamba joto la kuchemka hupungua kwa takriban digrii moja kwa kila mita 300 unazopanda, na Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye digrii 94 hivi. Lakini Limuru iko juu zaidi ya Nairobi, zaidi ya mita 2,000. Ingekuwa ni suala la mwinuko, rangi iliyofifia ingetoka Limuru na ile iliyoiva ingetoka South B.

#6 Jirani_wa_Kahawa
Sahihisho nimelipokea. Maharagwe yangu, hata hivyo, bado hayajaiva.

#7 NyuziZaMilimani
Asanteni. @Kitanzi_Kimoja, sufuria ya Limuru ni ya alumini, nzito, ya mafundi wa jua kali, ambayo mama aliacha kuipikia zamani na sasa hutumika kwa rangi tu. Ya hapa ni ya enameli, nyeupe kwa ndani, nayo imebanduka mahali pamoja chini ya mpini, eneo la ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Baada ya swali lako niliitazama vizuri: pale palipobanduka pana kutu, na kuzunguka kutu hiyo pana duara jeusi lenye rangi ya wino ambalo haliondoki hata kwa kusugua. Kwenye uzi wenyewe sioni doa jeusi mahali popote, kahawia yake ni ya kulingana mwanzo hadi mwisho.

#8 Kitanzi_Kimoja
Basi kesi imekwisha. Duara jeusi ni tanini, ile dutu ya ukakasi iliyomo majanini, iliyokutana na chuma, na huo ndio mchanganyiko uliotumika kutengenezea wino kwa karne nyingi. Chuma kikishayeyuka katika maji ya moto husambaa kote, hakiachi doa, na kiasi kidogo mno kinatosha kuizima rangi ya chungwa. Wanaotumia chuma kwa makusudi hupima asilimia 1 au 2 ya uzito wa sufu kavu na hawazidishi, kwa sababu chuma kingi huifanya sufu ikatike kama nyasi kavu baada ya miaka michache.

#9 MwalimuWaKemia
Dada Kitanzi, kesi haijakwisha. Kutu ya ukubwa wa ukucha katika maji yenye ualkali huyeyuka kidogo sana, kwa kuwa chuma huyeyuka zaidi katika asidi. Ukisema maji yalikuwa na asidi, unapoteza hoja ya kwamba maji hayahusiki. Ukisema yalikuwa na ualkali, chuma chako kilitoka wapi?

#10 Kitanzi_Kimoja
Majani ya mkaratusi yenyewe yana asidi ya tanini, mwalimu. Gunia zima la majani ndani ya sufuria moja haliwezi kuyaacha maji yakiwa vilevile yalivyotoka kwenye bomba.

#11 MzeeWaKinangop
Habari zenu, watoto wangu. Mimi nimefuga kondoo wa sufu kwa muda mrefu, na ninyi nyote mnaangalia sufuria wakati jibu limo ndani ya manyoya. Kondoo mmoja hana sufu ya aina moja. Ya mabegani ndiyo laini na iliyolingana, ya ubavuni inafuata, na ya mapajani hadi mkiani ni ngumu na nene. Ncha za manyoya zimepigwa jua na mvua tangu kondoo alipokatwa manyoya mara ya mwisho, kwa hiyo ncha hunywa rangi tofauti na mashina. Kama ulianza kusokota kutoka juu ya gunia na kushuka chini, nusu yako ya kwanza huenda ni mabega na nusu ya pili ni mapaja.

Jambo la pili ni mafuta. Mafuta ya sufu huyeyuka kwenye joto la karibu digrii 40, kwa hiyo anayeosha kwa maji ya vuguvugu huondoa vumbi na kuacha mafuta, na mafuta yakibaki rangi haiingii. Kuna ishara moja ambayo haidanganyi: chukua uzi mkavu, uweke juu ya maji yaliyotulia bila kuubonyeza. Uzi safi huanza kuzama baada ya muda mfupi, wenye mafuta huelea na maji huunda vitone juu yake.

Sisi huku huyamwaga manyoya yote sakafuni, tunatoa ya tumboni na yaliyoshikana kinyesi, kisha tunayachanganya yote vizuri kabla ya brashi hata moja kuguswa. Ni kazi ya asubuhi nzima, lakini gunia zima huwa kitu kimoja.

#12 NyuziZaMilimani
Mzee wangu, shikamoo, na asante sana. Ni kweli kwamba sikuchanganya, nilisokota kadiri mkono ulivyofika. Kuhusu kuosha, yote niliyaosha siku moja kwa maji ya moto na sabuni ya maji, nikiyazamisha tu bila kuyasugua. Jaribio la kuelea nitalifanya leo.

#13 Bi_Nili
Marahaba kwa wote. Nimesoma toka mwanzo na nashangaa kwamba hakuna aliyeuliza swali la muda. Mkaratusi ni rangi ya subira. Mwanzoni maji hutoa manjano, baadaye kahawia hafifu, na chungwa huja mwishoni baada ya moto mdogo wa muda mrefu. Mara nyingi mtu huipua sufuria pale pale ambapo rangi ndiyo inaanza kufika. Limuru mna kuni na jiko lenye makaa yanayolala usiku kucha, na nina hakika uzi wa kwanza ulipoa ndani ya sufuria hadi asubuhi. South B ni gesi ya mtungi, na kila mtu anajua bei ya kuujaza. Dada, sema kweli, ile ya Nairobi iliwaka kwa muda gani?

Nakuuliza pia kuhusu majani. Ya Limuru yalichumwa na kutiwa majini siku hiyohiyo, au sivyo? Ya gunia yalisafiri. Majani makavu pia hutoa rangi nzuri, lakini yaliyofungiwa kwenye gunia yakiwa mabichi hupata joto na kuanza kuoza, na hapo ni jambo jingine kabisa.

#14 NyuziZaMilimani
Mama, umeona mbali. Uzi wa Limuru ulilala ndani ya sufuria jikoni. Uzi wa hapa ulikaa kwenye moto kwa karibu saa moja na nusu, kisha nikaupoza kwenye beseni. Majani yalikaa kwenye gunia siku chache kabla sijayatumia, na yale ya katikati yalikuwa na unyevu na harufu ya uchachu.

#15 FundiWaKariokor
Bi_Nili, heshima yako, ila kuna sababu ambayo nayo hujaigusa, nayo ni aina ya mti. Siku hizi wengi wetu tumeacha mikaratusi mirefu ya kuni na tunatumia yale majani ya mviringo yenye rangi ya fedha ambayo wauza maua wa City Market huyatia kwenye mashada. Mti huo ni Eucalyptus cinerea, na ndio wanaousifu watia rangi wa nchi nyingi kwa chungwa lake linalokaribia wekundu kwenye sufu isiyotiwa shabu. Mabua yanayobaki mashada yakishafungwa hutupwa jioni, na ukiongea nao vizuri watakuwekea. Ninaanika majani hayo na kuyaweka kwenye magunia ya nailoni yenye matundu, hayaozi, na rangi yake hainisumbui.

#16 SindanoNane
Fundi, ushauri wa majani ya City Market ni mzuri, lakini haujibu swali la uzi huu. Mti ulikuwa mmoja, Limuru na South B.

#17 FundiWaKariokor
Mti mmoja una majani ya aina mbili. Machipukizi yanayotoka kwenye kisiki au chini ya shina ni mapana na laini, ya juu ni marefu kama kisu. Aliyejaza gunia alikata matawi yapi? Hilo halijasemwa.

#18 NyuziZaMilimani
Gunia alilijaza kaka yangu. Nitamuuliza.

#19 SindanoNane
Wakati tunasubiri, niseme kuhusu kuiokoa shali, kwa sababu mwenye uzi aliuliza mambo mawili na la pili limeachwa.

Kwanza fahamu mstari umeangukia wapi. Katika shali ya pembetatu inayoanzia shingoni, safu huongezeka urefu kila unapoendelea, kwa hiyo nusu ya uzi haiishi kwenye nusu ya idadi ya safu. Kama shali itakuwa na safu 100, nusu ya kwanza ya uzi itakufikisha karibu na safu ya 70, na safu 30 za mwisho zitakula nusu nzima iliyobaki. Ndiyo maana rangi ya pili inaonekana kama pindo pana na si kama nusu ya shali, na ndiyo maana jicho linaliona kama kosa badala ya mpango.

Ukifumua safu kumi hivi kurudi nyuma, unaweza kuuficha mpaka huo kwa kubadilishana nyuzi: safu mbili kutoka fungu la chungwa, safu mbili kutoka fungu la kahawia, ukiupitisha uzi usiotumika pembeni bila kuukata. Anza na kahawia kidogo, ongeza polepole, na mwisho uache chungwa kabisa. Wafumaji wa visiwa vya Shetland wamefuma shali zao nzito za kila siku kwa mistari ya sufu ya rangi za asili za kondoo, kutoka nyeupe kupitia kijivu hadi kahawia, na mpangilio wa polepole ndio unaozipa sura. Mtu yeyote anayesokota mwenyewe angefaa kufuma kutoka mafungu mawili tangu safu ya kwanza, hata kama anaamini yanafanana.

#20 Kitanzi_Kimoja
Au aizamishe shali nzima katika maji ya chuma hafifu baada ya kuimaliza. Chungwa litashuka, kahawia itashuka, na zote mbili zitakutana kwenye rangi ya majani makavu. Ailoweshe kwanza hadi ishibe maji, aitie kwenye maji yenye joto sawa na yale iliyotoka, na asiikoroge, kwa sababu sufu ikipata mshtuko wa joto huku inasuguliwa hujishika na matundu ya urembo hufungamana.

#21 Bi_Nili
Kuizima rangi ya chungwa namna ile ni huzuni kubwa. Kama ni kuzamisha, heri nili, ile rangi ya buluu. Na hapa, mwalimu, maji ya kisima hayana ubaya wowote, kwa kuwa nili haiyeyuki majini isipokuwa katika hali ya alkali na bila hewa. Uzi hutoka kwenye chungu ukiwa wa kijani-manjano na kugeuka buluu mbele ya macho yako hewa inapougusa. Juu ya chungwa utapata rangi moja nzito, juu ya kahawia utapata nyingine. Mpaka hautatoweka kabisa, lakini utakuwa kati ya rangi mbili zinazopendana. Sufu isikae humo kwa muda mrefu, tena alkali iwe ya kiasi tu.

#22 Jirani_wa_Kahawa
Nikiwasoma najiuliza kama haya yote si mambo tuliyoachiwa na walowezi. Watu wa huku hawakuwa na desturi ya kusokota.

#23 Pwani_Hodari
Salamu kutoka Mombasa, ambako shali ya sufu mtu huivaa akiwa na homa tu. Lakini hilo la #22 siwezi kulipita. Vigae vilivyotobolewa katikati, vilivyokuwa uzito wa vijiti vya kusokotea pamba, vimechimbuliwa kwa wingi Kilwa, na Pate ilisifika kwa nguo zake, za hariri zikiwemo, wakati Wareno walipofika. Kusokota ni jambo la zamani sana katika nchi hizi. Sufu ndiyo mgeni, kusokota si mgeni.

#24 MzeeWaKinangop
Pwani amesema vyema. Hata bara, mama zetu walisokota uzi wa kiondo juu ya paja, wakiviringisha nyuzi za magome kwa kiganja, na Wakamba walitumia magome ya mbuyu kabla ya mkonge kuenea. Kondoo wetu wa asili, kama yule mwekundu wa Kimaasai, ana nywele, hana sufu ya kusokota. Kondoo wa sufu waliletwa na walowezi. Mlowezi Delamere alileta kondoo wa Merino kutoka New Zealand mwanzoni mwa karne ya 20 na wengi wakafa, kwa kuwa malisho ya huko kwake yalikosa madini waliyoyahitaji.

Kinachonisikitisha ni cha leo. Wafugaji wengi wamehamia kondoo wa Dorper kwa sababu ya nyama, na huwezi kuwalaumu, maana mwenye kondoo wa sufu hulipa mtu wa kuwakata manyoya halafu hakosi kuambiwa kwamba manyoya yenyewe hayana soko. Nimeona magunia yakitandikwa kwenye mabanda ya kuku. Ninyi mnaonunua manyoya ya kondoo mmoja mmoja ndio mnaotufanya baadhi yetu tuendelee.

#25 Mama_wa_Toi
Hodi jamvini. Nauza shali, kwa hiyo niseme la mnunuzi. Mteja akinishikia shali ya akriliki, uzi wa kiwandani usio wa sufu, mkono mmoja na yenu mkono wa pili, anauliza mara moja kwa nini bei ni mbali hivyo. Ninamwambia aitie mashavuni zote mbili, na ninamwambia kwamba kabla ya kitanzi cha kwanza kuna kuosha, kuchambua, kusokota mara mbili, kupinda na kutia rangi, na kwamba kusokota huchukua muda mrefu kuliko kufuma. Wa Julai huelewa. Wa Februari huondoka.

Kuhusu mstari wa rangi, dada, usiuzamishe kwenye chochote. Wanunuzi wangu huziuliza hizo zenye mabadiliko, kwa sababu ndizo zinazoonyesha kwamba hazikutoka kiwandani.

#26 SindanoNane
Hoja ya mauzo naielewa, ila tofauti ya bahati mbaya na tofauti iliyopangwa si kitu kimoja, na mfumaji makini anatakiwa kujua ni ipi aliyo nayo mkononi.

#27 Bonde_la_Ufa
Kwa wanaotafuta wekundu wa kweli: Laikipia mipungate imejaa wale wadudu weupe waliofunikwa nta kama pamba. Ukimponda mmoja kwenye kidole hutoa maji mekundu kama damu. Ni kochinili, ileile rangi ya wafalme, na iko bure kando ya barabara.

#28 MwalimuWaKemia
Ndugu, huyo ni jamaa yake, si yeye. Mdudu wa rangi aliyefugwa Mexiko na Peru ni Dactylopius coccus, ambaye karibu sehemu moja ya tano ya uzito wake mkavu ni asidi ya kamini, yaani ile rangi nyekundu yenyewe. Aliyeachiliwa Laikipia kudhibiti mipungate ni Dactylopius opuntiae. Naye ana rangi hiyohiyo, lakini kidogo zaidi, na nta yake ni nyingi. Utahitaji wadudu wengi mno kwa shali moja. Tena wameletwa kuula mmea unaoharibu malisho, kwa hiyo wasisafirishwe kiholela kwenda mahali ambapo watu wanavuna matunda ya mpungate.

#29 Bonde_la_Ufa
Asante kwa ufafanuzi. Mimi nimepata waridi nzuri kwa shabu asilimia 15, na kwa shali ya mtoto wadudu walitosha. Lakini nakubali, si nyekundu ya bendera.

#30 NyuziZaMilimani
Nimerudi na matokeo, na nawashukuru wote. Jaribio la mzee: mafungu yote mawili yalizama, lile la kahawia likichelewa kidogo. Kaka anasema alikata matawi ya chini kwa sababu ndiyo aliyoyafikia. Ya Limuru nilikuwa nimekata mwenyewe nikiwa nimesimama juu ya kichuguu, matawi ya kati.

Nikachukua mitungi minne ya vioo, nikaitumbukiza kwenye sufuria moja yenye maji ili joto liwe sawa, na kila mtungi ukapata majani makavu ya uzito uleule na kipande cha uzi ambao haujatiwa rangi. Mtungi wa kwanza ulikuwa na maji ya mvua kutoka Limuru, wa pili maji ya kisima, wa tatu maji ya kisima na siki, wa nne maji ya mvua na msumari wenye kutu. Niliviacha kwenye moto mdogo kwa saa mbili, kisha vikalala humo hadi asubuhi.

Wa kwanza umetoa chungwa, lakini si lile la shali. Wa pili umetoa manjano-kahawia. Wa tatu uko karibu sana na wa kwanza, labda umefifia kidogo. Wa nne ni kahawia ya kijivu, nzito kuliko khaki yangu. Nikiweka uzi wa shali katikati yao, unakaa kati ya wa pili na wa nne.

#31 MwalimuWaKemia
Ahsante kwa kazi safi. Wa pili na wa tatu vinatofautiana kwa siki tu. Nadhani hapo hoja ya maji imesimama.

#32 Kitanzi_Kimoja
Na uzi wa shali unaelekea kwenye msumari, mwalimu. Usiuruke mtungi wa nne.

#33 Bi_Nili
Mitungi yote ililala usiku kucha, kwa hiyo jaribio hili halikupima muda, ambao ndio hoja yangu. Tena ni majani makavu, si yale ya gunia lililopata joto. Hata wa kwanza haukufikia chungwa la Limuru, na hilo mnaliachia nani?

#34 FundiWaKariokor
Kwangu linabaki suala la matawi ya chini. Majani ya mitungini yalitoka tawi gani?

#35 NyuziZaMilimani
Ni ya gunia lilelile la kaka, yaliyobaki, ambayo niliyaanika baada ya Bi_Nili kuniuliza. Nitamwomba mama anitumie mengine ya matawi ya kati.

#36 SindanoNane
Kwa sasa fumua hizo safu kumi, uanze kubadilishana. Chanzo kitaendelea kutafutwa shali ikiwa kwenye sindano.

#37 MzeeWaKinangop
Swali langu ni dogo. Huo uzi mweupe uliokata kwa ajili ya mitungi, ulitoka kwenye sufu uliyoisokota mwanzo, au ile ya mwisho chini ya gunia?